Wiki Moja Kati ya Mida na Sabaki

Wengi wanaokwenda Pwani kupumzika huchagua hoteli kwanza. Mambo ya kuona watayajua wakishafika. Mfuata ndege haanzi hivyo. Yeye hutazama upepo, akatazama mwezi, ndipo akatafuta kitanda. Na akizipiga vizuri hesabu hizo mbili, kitanda chenyewe atakitafuta Watamu au Gede, kwa sababu sikijui kipande kingine cha pwani ya Kenya ambapo msitu, hori ya mikoko, magofu na mlango wa mto vimekaribiana namna hii. Kutoka hori ya Mida hadi mlango wa Mto Sabaki hata kilomita 40 hazifiki.

Nasema hivi kwa sababu nimeona ratiba za watu. Diani siku mbili, Lamu siku mbili, Mto Tana kupita tu, Malindi siku ya mwisho. Ratiba ya aina hiyo ni ya kuwatajirisha wenye matatu. Ndege wanataka mtu aliyetulia, anayeweza kurudi mahali palepale asubuhi ya pili na ya tatu, maana aliyefichika leo kesho hutoka.

Tuanze na upepo. Kuanzia Agosti na Septemba, fukwe zetu hupokea vitwitwi kutoka Siberia na Asia ya Kati, ndege wadogo wa matopeni wanaokimbia baridi ya kwao. Hukaa nasi kaskazi yote, wakaondoka Aprili. Kusi nayo ina wageni wake. Kutoka Madagaska huja ndege wa kahawia mwenye mabawa marefu, anayewinda wadudu hewani mfano wa mbayuwayu, na Agosti kundi lake pale Sabaki huweza kuwa la mamia. Wakati huohuo, ndani ya misitu ya Gede na Arabuko, huonekana yule mkesha mwenye madoa kifuani ambaye watu husafiri kutoka mbali kumtafuta, naye anafukua majani makavu bila habari na mtu.

Kwa hiyo msimu gani? Mwenye kuwataka hao wawili aende Agosti. Lakini kwa anayekuja mara ya kwanza, mimi nampa Machi, wiki ya kwanza au ya pili, kabla masika hayajafunga barabara za mchanga mwekundu. Joto lipo, tena kali, na asiyelipenda asije. Faida yake ni kwamba vitwitwi wamekwisha kuanza kuvaa manyoya ya harusi. Walioshinda na kijivu tangu Oktoba sasa wanaonyesha wekundu kifuani, na mtu anayeanza kujifunza anawatambua kwa urahisi zaidi. Wanakula mchana kutwa wakijaza mafuta ya safari.

Hesabu ya pili ni ya mwezi, na hii ndiyo inayosahaulika. Hori ya Mida hujaa na kupwa, na ndege wake hufuata maji. Wakati wa maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu, na ndege hutawanyika kwenye matope hadi darubini inakuwa haina kazi. Wakati wa bamvua mambo ni mengine. Maji huweza kupanda mita tatu na zaidi, matope yote hufunikwa, na ndege hulazimika kusogea, kusogea tena, mpaka wanasimama bega kwa bega mbele ya mtazamaji. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Basi chukua kalenda ya Kiislamu: siku zinazoizunguka tarehe 15, au zile za mwisho wa mwezi na mwanzo wa unaofuata, ndizo zako. Katika pwani hii, maji ya bamvua huwa yamepwa kabisa karibu saa nne asubuhi na yamejaa karibu saa kumi jioni, na kila siku huchelewa kwa muda usiofika saa nzima. Asiyetaka kupiga hesabu amuulize mvuvi yeyote. Hatakosea.

Panga kufika Watamu siku moja au mbili kabla ya mwezi kupevuka. Siku hizo za kwanza nenda msituni alfajiri, hori utaikuta ikiwa tayari kwa ajili yako.

Mida ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968. Kutoka barabara kuu ya Mombasa na Malindi unashuka njia fupi ya mchanga, unalipa, unapewa risiti, kisha unapanda daraja la mbao linaloning'inia kati ya matawi ya mikoko. Linayumba kidogo, na mwenye kizunguzungu ashike kamba. Mwisho wake kuna banda la kutazamia ndege. Fedha za daraja hilo huenda kwenye karo za watoto wa sekondari wanaoishi kandokando ya hori na msitu, mpango ulioanzishwa na shirika la A Rocha Kenya mwaka 2001. Sijui malipo mengine ya kitalii ninayoyatoa kwa moyo mweupe kama haya.

Ingia bandani saa nane mchana, keti, usiseme. Mbele yako ni tope linalong'aa, na mwanzoni utadhani halina kitu. Kisha utaona kwamba tope lenyewe linatembea. Vitwitwi wadogo wako mbele, wakichoma matope haraka haraka kama cherehani. Nyuma yao sululu wenye midomo iliyopinda, hatua moja na kusimama, hatua moja na kusimama. Yangeyange hakosekani. Heroe wakiwapo, wako mbali kwenye maji ya kina kidogo.

Lakini ndege wa Mida ni mla kaa. Ukija wiki nzima ukamwona yeye peke yake, nauli yako imerudi. Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya samawati iliyofifia, na mdomo mweusi mnene ambao humwoni nao kitwitwi mwingine yeyote. Anamkimbilia kaa, anasimama ghafla, anamdunga. Kaa mdogo humezwa mzima. Mkubwa hupigwapigwa mpaka avunjike. Tazama vizuri utaona jambo la kushangaza: kijana mwenye mgongo wa kijivu, aliyekwisha kuruka kutoka Uarabuni mpaka hapa kwa mabawa yake mwenyewe, bado anamfuata mzazi nyuma akililia chakula, na mzazi bado anampa. Mla kaa huzalia kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu. Huchimba shimo, akataga yai moja jeupe ndani yake, na katika jamaa zake wote wa matopeni hakuna mwingine anayechimba shimo la kutagia. Halafu hushuka kuja kwetu, njia ileile ya majahazi, ila yeye hufika kabla kaskazi haijaanza.

Maji yakifika kwenye mizizi ya mikoko, kundi lote huinuka kwa pamoja na kelele nyingi kwenda kulala mahali pengine. Hapo kazi imekwisha, na Dabaso, ng'ambo kidogo, kuna sambusa za kaa. Ndege na binadamu mnakula chungu kimoja.

Msitu wa Arabuko-Sokoke unataka subira ya namna nyingine. Una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndio msitu mkavu mkubwa kuliko yote uliobaki kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Usiingie peke yako. Humo mna tembo, na njia zake zinafanana hata mwenyeji hubabaika. Waongozaji wa msitu wana chama chao na hupatikana kituoni Gede. Wengi ni vijana wa vijiji vya hapo, na masikio yao yanajua mambo ambayo kitabu hakiyajui.

Mgeni hudhani msitu ni msitu. Huu una vyumba. Upande wa mashariki kuna miti mchanganyiko, mibambakofi ikiwemo. Katikati, kwenye mchanga mweupe, imesimama mirihi, miti iliyoachana ambayo mwanga unapita hadi chini. Magharibi ardhi ni nyekundu na kichaka kimesongamana kiasi kwamba mtu hupita kwa kuinama. Kila chumba kina wapangaji wake na hawatembeleani sana. Kwenye mirihi alfajiri ndiko unakoangalia juu mpaka shingo iume, ukingoja kundi lipite kileleni. Ndani ya kundi hilo huenda akawemo kwera wa Clarke, mweusi na manjano, ambaye duniani kote hupatikana kaunti ya Kilifi tu. Wanasayansi walimwandika mwaka 1913, lakini ilichukua miaka mia moja hadi mahali anapozalia pathibitishwe, kwenye kinamasi cha Dakatcha kaskazini ya Mto Sabaki, mwaka 2013. Usiahidiwe kumwona. Mwongozaji anayekuahidi kwera huyu anataka bakshishi mapema.

Bundi wa Sokoke yuko magharibi, kwenye ardhi nyekundu. Huyu aliingia vitabuni mwaka 1966, na mbali na msitu huu anajulikana pia vilimani chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Hafiki shibiri moja kwa urefu. Mchana hulala kwenye tawi la chini, ndani ya kichaka, mara nyingi dume na jike wamebanana. Wengine ni wa kijivu, wengine kahawia, wengine wekundu wa kutu, na wote wanafanana na majani makavu yaliyokwama kwenye mti. Mwongozaji hukuacha njiani, akaingia kwa magoti, akapotea robo saa. Akirudi anakuashiria kwa kidole, hasemi. Unaingia unachomwa na miiba, unanyooshewa tawi, huoni kitu. Unaangalia tena. Kisha jani moja linafungua jicho la manjano.

Najua wapo watakaouliza mtu mzima anamtafutia nini bundi, maana kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali. Sina jibu la kumtosheleza kila mtu. Bibi zetu walimkataza kukaa juu ya nyumba. Hawakumkataza kukaa kwake msituni.

Ukitembea taratibu, chini ya miti hiyohiyo utamwona sange, mnyama mwenye pua ndefu na makalio ya dhahabu, akikatiza njia kwa kishindo kikubwa kuliko mwili wake. Yeye si ndege lakini hakuna atakayekukataza kumhesabu.

Magofu ya Gede ni ya asubuhi moja. Mji huu wa Waswahili ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, ukaachwa katika karne ya 17, na mwaka 2024 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Watalii hutazama misikiti na jumba la mfalme; wewe tazama miti mikubwa iliyoota juu ya kuta, kwani hondohondo huja kula matunda humo. Wahi mlango unapofunguliwa, kabla mabasi ya wanafunzi hayajafika.

Malindi pita tu. Kuna kunguru wa Bara Hindi wengi, ambao hula mayai na makinda ya wenzao, na sababu hiyo yatosha kutolala huko. Songa hadi daraja la Sabaki, kaskazini kidogo ya mji, ukashuke kwa miguu kuelekea baharini na kijana wa hapo anayejua viboko wamelala wapi. Viboko ni wa kweli na mamba pia. Mto huu umetoka mbali, bara huko unaitwa Athi, kisha Galana, na unapofika hapa umebeba udongo wa nusu ya Kenya. Ndio maana maji ni ya kahawia na mlango wake una fungu pana la matope na mchanga. Hapo hukusanyika heroe, mwari, shakwe na buabua wa kila aina, na kwenye majani ya kando yumo ndege mdogo mwenye jina la Malindi yenyewe, hana rangi ya kumsifia mtu lakini wafuata ndege wanampenda. Hakuna kivuli hata kidogo. Beba maji, kofia, na uondoke kabla ya saa nne.

Kisiwa cha Whale, mkabala na mlango wa hori, kina buabua wanaozaa wakati wa kusi. Ukienda miezi hiyo, watazame kutoka kwenye mashua na usimruhusu nahodha ashushe mtu. Mguu mmoja juu ya jabali unatosha kuwatoa wote kwenye mayai, na jua linafanya yaliyobaki.

Mengine ni mepesi. Treni ya Nairobi hukufikisha Mombasa, na kutoka huko matatu za Malindi hupita Gede. Tuktuk itakupeleka Watamu. Mwongozaji mweke nafasi kabla hujasafiri, umwambie mapema kwamba unataka bundi, kwa kuwa bundi hutaka siku nzima na mtu anayemjua. Nguo ziwe za kijani au kahawia, na darubini moja nzuri ni bora kuliko simu tatu. Kama ni wiki moja tu uliyonayo, Lamu, Diani na Mto Tana viachie mwaka mwingine. Usihame Watamu.