Mvumo kwenye ampilifaya niliyojiundia

Samahanini wasomaji, nimekuwa kimya wiki tatu. Sikuwa mgonjwa wala sikusafiri. Nilikuwa hapa hapa Kisii mjini nikipigana na sauti moja tu: zzzzzz.

Kisa ni kaseti. Babu yangu mzaa mama, wa kule Nyamira, alikuwa mpiga obokano, kile kinanda kikubwa cha Wagusii chenye nyuzi nane na ngozi ya ng'ombe. Alirekodiwa mara moja tu maishani, mwaka 1994, kwa redio-kaseti ya jirani. Kaseti ni ya dakika 60, utepe umechoka, na sauti iko chini mno. Mama aliniomba niiingize kwenye kompyuta kabla haijakatika. Nikaona nitahitaji kusikia vizuri ninachonakili, nikaamua kujiundia ampilifaya ya hedifoni.

Ramani yake si yangu. Ni ya Chu Moy, iliyosambaa mtandaoni tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na watu wengi huijenga ndani ya kopo la peremende. Mimi nikatumia chipu ya NE5532, na badala ya kopo nikatafuta kisanduku cha mawe ya Tabaka (lazima mtu ajivunie kwao!). Ilipendeza sana. Nikaiwasha, nikavaa hedifoni... zzzzzz.

Mimi ni mtu wa programu. Shahada ya sayansi ya kompyuta haikunifundisha kushika solda, na kidole changu cha shahada ni shahidi. Lakini kutafuta mdudu nakujua: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha sikiliza.

Nikateremsha volyumu hadi sifuri. Mvumo haukupungua. Maana yake hautoki kwenye kaseti wala kwenye waya wa kuingizia sauti, unazaliwa mbele ya volyumu. Nikang'oa adapta ya volti 12 nikaweka betri ya volti 9. Kimya! Umeme wetu hupiga mara 50 kwa sekunde, na ukishapita kwenye diodi nne za adapta unakuwa mawimbi 100 kwa sekunde. Kapasita ndiyo huyasawazisha. Nilipoifungua adapta nikakuta kapasita ndogo ya maikrofaradi 470, tena imevimba kichwa. Nikaamua kubaki na betri, ingawa zinakwisha haraka.

Nilisema kimya, lakini ule ulikuwa usiku wa furaha. Asubuhi, volyumu ikiwa juu, nikasikia mwingine, mzito na mpole: mmmmm. Nikisogeza mkono unaongezeka, nikishika chuma cha volyumu unapungua. Hapo nikacheka peke yangu. Jiwe la Tabaka halipitishi umeme, kwa hiyo halizuii chochote. Nyaya za nyumba nzima zilikuwa zikiimba ndani ya kisanduku changu kizuri. Kopo la peremende la wenzangu lilikuwa na kazi kumbe! Nikakipaka ndani karatasi ya foili juu ya gundi, nikaweka plastiki isiguse saketi, nikaiunganisha foili na chuma cha volyumu kwenye graundi. Mmmmm ikaenda zake.

Wa tatu ulikuja nilipounganisha laptopu. Chaja yake ina pini ya ardhi, na deki ya kaseti niliyoazima ina ya kwake, kila moja kwenye soketi yake. Njia mbili za ardhi pamoja na waya wa sauti zilifanya duara, na kelele ikazunguka humo. Fundi mmoja akaniambia, "Kata tu hiyo pini ya ardhi." Tafadhali msikate! Siku waya wa moto utakapogusa bati la deki, pini hiyo ndiyo itakayokuokoa. Mimi nilichomoa chaja. Laptopu inakaa saa mbili kwa betri, kaseti ni saa moja.

Bado kukawa na mvumo, jameni. Nikasema basi huu ni wa utepe, nitaukata kwa programu. Nikaondoa 50, 100, 150, nikaendelea juu mpaka ikatulia. Nikampelekea mama Nyamira, kwa matatu ya kupitia Keroka, nikimeta kwa fahari. Akasikiliza dakika nzima.

"Hii ni gitaa," akasema. "Obokano iko wapi?"

Nikamwekea ile isiyosafishwa. Akafumba macho. Obokano yenyewe ndiyo huvuma. Uzi ukipigwa unazizima kama nyuki, na wazee waliitaka hivyo. Sikuwa nimefanya jaribio rahisi kuliko yote: kusimamisha kaseti. Ikisimama, mvumo wa mashine hubaki. Huu ulikoma pamoja na kila uzi, na mimi nilikuwa nimeufuta kwenye rekodi ya pekee ya mtu aliyekwisha kufa. Bahati nilihifadhi nakala ya kwanza.

Katikati ya upande wa kwanza kuna mahali babu anakohoa, kisha anamwambia mtu alete kiti. Sikuwahi kupasikia. Mama alinirudishia hedifoni, kisha akazichukua tena, akaomba nimrudishie hapo.

Upande wa pili bado. Betri ya laptopu iko asilimia 11.