Mtoto wa Kulea wa Kigoma

Habari ya kifo cha Dakta Jane Goodall, tarehe 1 Oktoba 2025, ilitufikia sisi watu wa Ujiji kama ifikavyo habari ya msiba wa jirani aliyehama zamani. Alikuwa na umri wa miaka 91, na mauti yalimkuta Marekani, katika safari ya kuhadhiri. Hakuwa wa dini yetu, na baadhi ya aliyoyasema kuhusu asili ya mwanadamu hatuyachukui. Hata hivyo Kigoma ilimlea, na mlezi ana haki ya kusimulia.

Sheria yetu yajulikana: kumlea mtoto wa mwenzio kuna thawabu, bali nasaba yake haifutwi. Basi hatumdai. Alikuwa binti wa Uingereza aliyehudumu mezani hotelini ili apate nauli ya meli, akafika Kenya mwaka 1957, akaajiriwa na Louis Leakey, na Julai 1960 akaja kwetu akiwa na miaka 26. Serikali ya kikoloni ilikataa akae msituni peke yake, ndipo akafuatana na mamaye, Vanne. Mji ulikuwa umejaa Wabelgiji waliokimbia Kongo. Mama na binti wakasaidia kuwaandalia chakula kabla hata hawajakanyaga Gombe.

Mama huyo ndiye aliyefungua mlango. Binti alipokuwa akipanda milima tangu alfajiri, yeye alibaki ufukweni, akasimamisha kibanda cha nguzo nne na paa la nyasi, akawatibu wavuvi wa dagaa waliopiga kambi pale. Dawa zake zilikuwa aspirini, bandeji, na maji ya chumvi ya kudondoshea vidonda sugu. Wavuvi walikuja na wake zao na watoto wao. Mgeni aliyeanza kwa kuuguza wenyeji hakosi ujirani.

Sifa zake nyingine zimesimuliwa sana, nasi hatutazirefusha: kwamba alimwona sokwe akivua mchwa kwa kijiti, kwamba mwaka 1962 alipokewa Cambridge kusomea udaktari wa falsafa bila shahada ya kwanza. Huko walimu walimkemea kwa kuwapa sokwe majina badala ya namba. Alishikilia majina.

Kwa majina hayo ndipo tunapotaka kusimama. Hivi karibuni tuliwauliza watoto wetu ni nani aliyewachunguza sokwe wa Gombe. Wote walitaja jina moja. Tuliposema Hilali Matama, Hamisi Mkono, Yahaya Almasi, Rashidi Kikwale, walitutazama kama tunaotaja majirani tu. Nao walikuwa majirani kweli.

Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka ng'ambo ya Kongo, wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni. Wageni wakaondolewa Gombe, naye Jane akawa akiishi zaidi Dar es Salaam. Wanaume hawa wa Kigoma ndio waliobaki na kuwafuata sokwe siku baada ya siku, mvua kwa jua, wakiandika kwa Kiswahili kila walichokiona. Kazi haikukatika. Yeye mwenyewe aliwataja kwa shukrani katika vitabu vyake. Waliowaacha nje ni wasimulizi waliofuata, na sisi tumo miongoni mwao. Wanazuoni wetu hawapokei hadithi kabla ya kuuliza isnadi yake: nani kapokea kwa nani? Ajabu ni kwamba tuliozoea swali hilo msikitini hatukuliuliza kuhusu elimu iliyotoka kwenye kilima cha jirani.

Mwaka 1986 aliuacha utafiti wa porini, umri ambao wengine huanza kuhesabu pensheni, akaanza kusafiri takriban siku 300 kwa mwaka. Alipoiona Gombe kutoka angani, karibu mwaka 1990, msitu ulikuwa kisiwa kilichozungukwa na vilima vitupu. Akatambua kwamba sokwe hawataokoka wakiwa jirani zao wana njaa. Mradi wa TACARE, ulioanza mwaka 1994, ukaja na vitalu vya miche, maji, afya na mikopo midogo ya akina mama. Mama Vanne angaliutambua.

Sasa wazee wa daftari zile wanapungua, na wajukuu wao wanapanda maboti ya Kibirizi kila siku, wakipita mbele ya Gombe kuelekea Mwamgongo. Daftari ziko salama. Wanaoweza kutusimulia jinsi zilivyoandikwa, tuwaendee wangali hai.