Kabla ya Kuuliza Nchi Gani, Tuulize Kozi Gani

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, meza ya katibu wa msikiti hugeuka ofisi. Vijana huja baada ya swala ya Alasiri, wengine peke yao na wengine wamefuatana na wazazi wao, wakiomba barua ya tazkiya ili waiambatanishe na maombi ya kwenda kusoma ng'ambo. Sisi tuliopewa amana ya kuandika barua hizo huwauliza swali moja kabla ya kushika kalamu: "Unakwenda kusoma nini?" Jibu tunalolipata mara nyingi ni hili: "Uturuki." Mwingine husema, "Madina." Mwingine, "Malaysia, inshaallah." Tumeuliza fani, tumejibiwa nchi.

Jambo hili huchekesha kidogo, lakini mwisho wake hauchekeshi. Masomo ya ng'ambo huchukua miaka minne hadi sita ya umri wa kijana, na aghalabu humeza akiba ya ukoo mzima. Ndiyo maana tumeona tulete neno hili kwa wazazi wenzetu kabla msimu wa maombi haujapamba moto.

Sisi watu wa Kariakoo tunajua kuagiza mzigo. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Congo haagizi kontena kutoka Guangzhou kwa kuambiwa tu kwamba mzigo ni wa China. Huuliza kitambaa ni cha aina gani, rangi yake inatoka au haitoki, na marobota ni mangapi. Hutaka sampuli aishike kwa mkono wake. Huuliza pia kama bidhaa itakidhi matakwa ya Shirika la Viwango, kwa kuwa anajua mzigo ukizuiliwa bandarini, hasara ni yake. Mtu huyo huyo, mjuzi kiasi hicho, humsafirisha mwanawe kwa miaka mitano bila ya kusoma jina la kozi lililoandikwa katika barua ya udahili. Mzigo ukikataliwa, hupotea msimu mmoja. Shahada ikikataliwa, hupotea ujana.

Na shahada nayo ina forodha yake. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, ndiyo inayotathmini tuzo zilizopatikana nje na kuamua kama zinatambulika hapa. Tume hiyo hiyo hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayetaka kwenda kusoma nje, yaani kabla hajapanda ndege. Zaidi ya TCU yapo mabaraza ya kitaaluma: Baraza la Madaktari Tanganyika, Baraza la Famasi, Bodi ya Usajili wa Wahandisi na mengineyo. Kijana aweza kurudi na cheti kizuri chenye muhuri wa dhahabu, na bado asiruhusiwe kumtibu mgonjwa wala kusimamia jengo, kwa sababu mlango wa taaluma una funguo zaidi ya moja.

Tumeyashuhudia haya kwa karibu. Mzee mmoja wa jamaa zetu, mwenye fremu ya vitenge, alitujia baada ya swala ya Isha akiwa na binti yake aliyemaliza kidato cha sita kwa masomo ya Fizikia, Kemia na Baiolojia. Uso wa mzee ulikuwa umenawiri. Wakala mmoja alikuwa amempatia binti nafasi katika chuo cha nje, na mzee alikwisha kumlipa shilingi milioni tatu za utangulizi, fedha alizozipata katika mchezo wa kutoleana na wenzake wa sokoni. Alitaka tazkiya, na alitaka pia siku ya kusoma dua ya kumuaga binti.

Tukaiomba barua ya udahili. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, na mmoja wetu, mfamasia anayeswali katika safu zetu, akaisoma mara mbili. Kisha akamwuliza mzee kwa upole, "Mzee wangu, uliambiwa anakwenda kusomea nini?"

"Udaktari," akajibu mzee.

Barua haikusema udaktari. Ilisema shahada ya sayansi za baiolojia ya tiba, fani inayomwandaa mtu kwa kazi za maabara na utafiti. Ni fani yenye heshima, na hakuna hospitali inayoweza kufanya kazi bila watu wake. Lakini mwenye shahada hiyo hasajiliwi kuwa daktari, hapa wala huko. Neno "tiba" lilikuwamo katika jina la kozi, na mzee alitosheka na neno hilo.

Akanyamaza kwa muda. Hatimaye akasema, "Mimi nimeshawaambia watu mwanangu anakwenda kuwa daktari."

Binti, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu aketi, akasema kwa sauti ya chini, "Ustadhi, mimi sikatai kusoma maabara. Ila nikienda, niende nikijua nakwenda maabara. Na Baba naye ajue."

Hatukuwa na la kuongeza juu ya maneno hayo. Mzee alimfuata wakala kwa wiki kadhaa na kurudishiwa nusu ya fedha zake. Dirisha la maombi ya vyuo vya ndani lilikuwa bado halijafungwa. Binti akaomba, na leo anasoma Famasi hapa hapa nchini.

Kamati ilipokaa baada ya tukio hilo, tulikubaliana kwamba tazkiya haitaandikwa mpaka muombaji alete jina kamili la kozi, lugha ya kufundishia na hali ya chuo mbele ya TCU. Mmoja wa wazee wetu alihoji, na hoja yake ilikuwa na uzito: "Sisi ni msikiti au ni ofisi ya elimu? Kazi yetu ni kuthibitisha kwamba kijana anaswali na ana tabia njema." Tukamjibu kwa adabu kwamba tazkiya ni ushahidi, na shahidi hapaswi kutia saini jambo asilolijua. Barua inayosema kijana huyu anafaa kwenda kusoma ni lazima ijue anakwenda kusoma nini. Mzee akakubali, ila akatuusia tusiwavunje moyo watoto wa maskini. Usia huo tumeuchukua.

Basi, ni kozi zipi zinazopatikana? Tuanze na zile ambazo jina la msikiti hutumika zaidi. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilianzishwa mwaka 1961. Kwa miongo mingi vitivo vyake vilikuwa Sharia, Da'wa na Usuli wa Dini, Qur'ani, Hadithi, na Lugha ya Kiarabu; baadaye vikaongezwa vya sayansi, uhandisi na kompyuta. Mwaka huo huo wa 1961, Al-Azhar ya Misri, yenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja, ilipitia mageuzi ya kisheria yaliyoingiza udaktari, uhandisi na kilimo, na kufungua kitivo cha wanawake. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa cha Malaysia, kilichoanza mwaka 1983, hufundisha sheria, uchumi, uhandisi na elimu ya wahyi chini ya paa moja. Karibu zaidi na nyumbani kipo Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988, chenye pia kampasi ya wanawake huko Kabojja, karibu na Kampala. Mzazi anayesitasita kumpeleka binti yake mbali asiache kuiulizia kampasi hiyo.

Uturuki nayo, kupitia ufadhili wa serikali yake uitwao Türkiye Bursları, hupokea wanafunzi katika fani nyingi. Lakini kijana ajue kwamba kwa kawaida mwaka wa kwanza ni wa kujifunza Kituruki. China ina vyuo vinavyofundisha udaktari kwa Kiingereza. Lakini mgonjwa aliyelala kitandani huko huzungumza Kichina, na mwanafunzi asiyeifahamu lugha hiyo atapata shida katika mafunzo ya wodini. Mtume (s.a.w.) alimwagiza Zaid bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda mfupi, kwa kuwa kazi iliyokuwa mbele yake iliyahitaji. Lugha ni sehemu ya kozi, na kijana aanze kuisoma akiwa bado Kariakoo.

Sisi wenyewe ni zao la chuo cha Kiislamu, na hatuoni haya kusema hivyo. Kwa hiyo hutuuma tunapowasikia wazazi wakisema kwamba mwenye alama za juu aende udaktari, na aliyebaki nyuma apelekwe akasome dini. Elimu ya fiqhi si hifadhi ya walioshindwa. Mtu atakayekuja kutugawia mirathi na kusuluhisha ndoa zetu anahitaji akili kali kama ya mpasuaji. Lakini upande wa pili nao una hoja. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilalamika katika Ihya kwamba miji mingi ya Waislamu haikuwa na tabibu ila asiyekuwa Muislamu, ilhali watu walisongamana katika fiqhi na mijadala yake. Alikuwa faqihi, na bado akasema hivyo, kwa sababu tiba ni fardhi ya kifaya: wasipotokea wa kuisimamia, dhambi ni ya mji mzima.

Tuipime mitaa yetu kwa kipimo hicho. Benki ya kwanza hapa nchini kuendeshwa kikamilifu kwa misingi ya Kiislamu, Amana, ilianza mwaka 2011. Kazi ya namna hiyo inahitaji watu wanaojua kanuni za riba katika vitabu vya fiqhi na wanaojua kusoma mizania ya hesabu. Ni wangapi kati ya vijana wanaotuomba tazkiya wameomba fani ya fedha za Kiislamu? Wodi za wazazi zinahitaji wakunga na madaktari wa kike. Shule zetu zinahitaji walimu wa Fizikia na Hisabati. Ghorofa zinazopanda Kariakoo kila uchao zinahitaji wahandisi wanaomcha Allah (S.W.), na sisi tulioshuhudia jengo likiporomoka Novemba 2024 na kuua watu tunajua thamani ya mhandisi mwenye amana.

Yupo pia aliyechagua vyema, na dunia ikamgeukia. Vita vilipozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023, wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa Khartoum walitolewa kupitia Ethiopia na kurejeshwa nyumbani kabla ya mwezi huo kwisha. Tunamjua kijana mmoja aliyerudi na begi moja tu, matokeo yake ya miaka mitatu yakiwa yamebaki katika ofisi zilizofungwa. Mwenzake alikuwa na mazoea ya kumtumia dada yake picha ya kila karatasi ya matokeo kila muhula ulipomalizika. Wote wawili ni wasomi wema. Lakini yule wa pili alikuwa na kitu cha kuweka mezani alipokwenda kuomba kuhamia chuo kingine. Kutawakali kunakwenda pamoja na kumfunga ngamia.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi, kabla ya kuuza kiwanja au kuvunja upatu, wapate majibu ya maswali haya kwa maandishi. Kwanza, jina kamili la kozi ni lipi, na mhitimu wake husajiliwa kufanya kazi gani? Pili, chuo hicho na kozi hiyo vinatambuliwa na TCU, na baraza la taaluma husika linasemaje? Tatu, masomo hufundishwa kwa lugha gani? Nne, wakala anayechukua fedha zako amesajiliwa na TCU, na ametoa risiti? Tano, kozi kama hiyo haipo Morogoro, Zanzibar au hapa Dar es Salaam kwa gharama nafuu zaidi? Na la sita ni letu sote: kijana akirudi, tumemwandalia nini?

Swali hilo la mwisho ndilo zito. Katika Surat Tawba, aya ya 122, Allah (S.W.) anatufundisha kwamba kundi miongoni mwetu litoke likajifunze dini, kisha lirejee kwa watu wake na kuwaonya. Kurejea kumetajwa pamoja na kutoka. Wapo wahitimu wa Sharia waliorudi katika mitaa hii wakakuta posho ya ualimu wa madrasa haitoshi hata nauli ya daladala, nao wakaishia kuuza simu Mtaa wa Aggrey. Biashara ni halali na ina baraka, lakini hatukuwaombea dua na kuwachangia tiketi ili waje kuuza simu. Msikiti unaotoa tazkiya wakati wa kwenda utenge pia fungu na nafasi ya kazi kwa wakati wa kurudi. Kamati yetu imeanza mjadala huo, nao si mwepesi, kwa kuwa sanduku la Ijumaa lina madai mengi. Tunaziomba kamati nyingine nazo ziuanze.

Wabillahi tawfiq.