Lacor, hospitali iliyomzika daktari wake uani

Ukipanda basi la alfajiri Kampala, unafika Gulu mchana. Njiani unavuka Mto Nile pale Karuma, ambapo nyani hukaa kando ya barabara wakisubiri ganda la ndizi kutoka dirishani. Ukishuka Gulu, mwambie kijana wa bodaboda neno moja tu: Lacor. Hahitaji maelezo. Ni mwendo wa kilomita chache magharibi mwa mji, na yule aliyenibeba mimi alikuwa na Kiswahili cha kutosha kuniuliza, "Dada, unaenda kuona mgonjwa?"

Nilimjibu kwamba naenda kuona makaburi. Akatikisa kichwa, akasema basi ni ya Matthew.

Hospitali ya Mtakatifu Maria Lacor ilianzishwa na wamisionari wa Comboni mwaka 1959. Miaka miwili baadaye alifika daktari wa watoto kutoka Italia, Piero Corti, pamoja na daktari wa upasuaji kutoka Kanada, Lucille Teasdale. Walioana, wakabaki. Vita ilipoingia kaskazini mwa Uganda, Lucille aliwapasua majeruhi mchana na usiku, na katika upasuaji huo akaambukizwa Virusi vya Ukimwi. Aligundulika mwaka 1985. Aliendelea kufanya kazi kwa miaka mingi baada ya hapo, akafariki mwaka 1996. Mumewe alimfuata mwaka 2003. Wote wawili wamelazwa ndani ya ua wa hospitali, na kati ya miaka hiyo miwili akaja kulazwa jirani yao mtu wa tatu, Dkt. Matthew Lukwiya, mwana wa Acholi.

Ukitaka kuyaona makaburi hayo, omba ruhusa getini na uache kamera mfukoni. Hapa si makumbusho. Akina mama wanapita na masufuria ya uji, watoto wanalia wodini, nguo zimeanikwa kwenye majani.

Matthew alikuja Lacor mwaka 1983 akiwa daktari mwanafunzi. Baadaye alikwenda kusoma Liverpool, Uingereza, akafanya vizuri mno, na angeweza kubaki huko. Alirudi Gulu, wakati ambao wenye uwezo walikuwa wanaondoka. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1989 waasi waliingia hospitalini wakitaka kuwachukua watawa. Aliwaambia wamchukue yeye. Wakamtembeza porini kwa wiki nzima akiwa na koti lake la udaktari, kisha wakamwachia. Akarudi wodini. Katika miaka ya vita hiyo, geti la hospitali lilifunguliwa kila jioni ili maelfu ya watu, wengi wao wanawake na watoto, walale ndani ya ua kwa usalama.

Oktoba 2000 alikuwa Kampala, ambako alikuwa akisoma Makerere na kuishi na familia yake, alipopigiwa simu kwamba wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa ugonjwa usiojulikana. Alirudi. Akakesha akisoma faili za wagonjwa na ripoti za milipuko ya nchi nyingine, akahitimisha kuwa ni Ebola kabla maabara haijathibitisha, akawapigia wakubwa wizarani bila kusubiri ngazi za barua. Uamuzi huo uliokoa siku nyingi, na katika Ebola siku moja ni maisha ya watu.

Mlipuko ule uliugusa mwili wa hospitali yenyewe. Virusi vya Ebola hupita kwenye damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa, kwa hiyo wa kwanza kuambukizwa ni yule anayemsafisha. Wahudumu zaidi ya 10 wa Lacor walifariki. Mwezi Novemba wenzao walikusanyika kwa hofu na hasira. Matthew hakuwatisha kwa cheo. Alikaa nao kwa saa kadhaa, akasikiliza, akazungumza, na wengi wakarudi kwenye wodi ile.

Alfajiri moja ya mwezi huohuo aliitwa kumsaidia muuguzi aliyekuwa akitokwa damu na kuhangaika kitandani. Alivaa gauni, glavu, kofia na barakoa. Macho hakuyakinga. Inaaminika hapo ndipo alipoambukizwa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na miaka 43, akazikwa siku hiyohiyo na watu waliovaa mavazi ya kinga. Aliacha mjane na watoto watano. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu 425 waliugua katika mlipuko ule na 224 walikufa.

Msomaji, hapa ndipo niliposimama muda mrefu. Makanisani tunapenda kuhubiri sadaka, na ni rahisi kuisifu ikiwa ya mtu mwingine. Lakini watoto watano walikua bila baba. Sadaka ya daktari hulipwa pia na nyumba yake, na familia hiyo haikuulizwa. Yesu alipoinama kuwaosha wanafunzi wake miguu, hakuwaambia wengine wainame yeye akiwa amekaa. Kwa hiyo anayemtaka muuguzi ajitoe mhanga amnunulie kwanza glavu, miwani ya kinga na sabuni, na amlipe mshahara kwa wakati. Unyenyekevu wa mkubwa ni kuhakikisha mdogo hafi bure. Matthew alikuwa na haki ya kuwaomba wenzake warudi wodini kwa sababu naye aliingia wodi ileile.

Na amani? Gulu ya leo ina maduka, shule na muziki wa harusi, na watoto hawatembei tena jioni kwenda mjini kutafuta pa kulala. Amani hiyo haikuletwa na bunduki peke yake. Viongozi wa dini wa Acholi, Wakatoliki, Waanglikana na Waislamu, waliungana miaka ya 1990 kudai mazungumzo na msamaha, na Sheria ya Msamaha ikapitishwa mwaka 2000. Mwaka 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama na wenzake walikwenda kulala nje mjini pamoja na watoto wale waliokimbia vijiji, ili dunia ione. Ni kitendo cha jamaa moja na kile cha Lacor: mkubwa kushuka hadi mahali aliyeumia alipolala.

Nyumbani si lazima tusubiri Ebola. Baba anayeamka usiku kumbadilisha mtoto mgonjwa ili mama alale, dada mkubwa anayemwogesha bibi bila kununa, bosi anayeanza yeye kuomba radhi: hayo ni masomo ya udogo, na watoto huyashika kwa macho kuliko kwa masikio.

Wakati nikiondoka, muuguzi kijana alipita karibu na makaburi akivaa glavu mpya huku anatembea. Hakugeuka kuyatazama. Alikuwa anawahi zamu.