Enguserosambu Hadi Tengeru: Njia Moja, Darasa Mbili

Mwenzi wako amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Arusha, wewe umeajiriwa Loliondo. Mtafanyaje? Wengi huanza kuhesabu nauli na kusononeka. Sisi tunasema hivi: igeuzeni hiyo njia kuwa mtoko wenu.

Anzieni Enguserosambu, kata ya tarafa ya Loliondo wilayani Ngorongoro, jirani na mpaka wa Kenya. Beba sweta, baridi ya huku haina utani. Wenyeji ni wafugaji wa Kimaasai, na fahari yao ni msitu wa asili wanaousimamia wenyewe. Humo kuna mierezi na oloirien, mzeituni pori ambao kijiti chake chenye moto husafishia kibuyu na kuyapa maziwa ile harufu ya moshi. Ukikaribishwa, onja! Na msiingie msituni bila mwenyeji: mti mnaoupita hivi hivi, kwake ni dawa.

Kisha shukeni. Lami ya Waso hadi Sale ni kilomita 49 tu. Baada ya hapo ni vumbi, Ziwa Natron na Ol Doinyo Lengai mpaka Mto wa Mbu. Mtafika Arusha mmechoka, lakini mtakuwa mmeongea kweli kweli.

Tengeru iko nje kidogo ya jiji, barabara ya Moshi, kwenye migomba na soko lenye kila kitu. Hapo ndipo ilipo Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoanza kufundisha mwaka 2011 na ina skuli yake ya kompyuta na mawasiliano. Kwenye semina za watafiti mwanafunzi husimama, huonyesha kazi yake na kuulizwa maswali mpaka jasho limtoke. Julai 2017 taasisi ilipokea Data Science Africa, mafunzo na warsha zilizoanzia Nyeri, Kenya, mwaka 2015.

Usidhani ni mambo ya hewani. Dk. Dina Machuve na wenzake walikusanya picha za kinyesi cha kuku, ndiyo, kinyesi, kutoka mashamba ya Arusha na Kilimanjaro kati ya mwaka 2020 na 2021. Kompyuta ikafundishwa kutofautisha kuku mzima na mwenye mdondo, koksidiosisi au salmonela. Mfugaji anaokoa banda lake kabla halijaisha.

Lakini hapa ndipo penye utamu wa safari hii. Kompyuta hujua kile tu ilichoonyeshwa. Picha za kuku wa Kilimanjaro haziwezi kumsaidia mwenye ng'ombe wa Enguserosambu, na hakuna programu itakayoutambua oloirien kama hakuna aliyekwenda kuupiga picha na kumuuliza mzee jina lake. Asipokuwepo kijana wa huko kwenye semina, swali la huko halitaulizwa.

Kwa hiyo wewe uliyebaki Loliondo usijione mtu wa kusubiri tu. Mwenzako akija likizo, mpeleke kwa wazee, kaeni, sikilizeni, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Nawe ukienda Tengeru, muulize utafiti wake unahusu nini na utamfaa nani. Akishindwa kukueleza wewe anayekupenda, wale wa kwenye semina atawaeleza nini?