Zimwi Lililonyimwa Ulimi: Mtazamo Kuhusu Filamu ya Blackenstein

Filamu mbovu aghalabu haimshughulishi mhakiki wa fasihi. Huachiwa watazamaji wa usiku wa manane, wakaicheka na kuisahau. Blackenstein, iliyoongozwa na William A. Levey na kutolewa mwaka wa 1973, ni mbovu pasi na shaka. Hata hivyo, ubovu wake unastahili kujadiliwa, kwa kuwa umekaa pale pale ambapo riwaya ya Mary Shelley, Frankenstein (1818), ina nguvu zake kuu.

Chimbuko lake ni la kibiashara. Mwaka wa 1972, Blacula ya William Crain ilikuwa imewavuta watazamaji wengi Weusi nchini Marekani, na ikawa wazi kwamba vitisho vya kale vingeweza kubadilishwa rangi na kuuzwa upya. Lakini Blacula ilikuwa na William Marshall, mwigizaji aliyebobea katika tamthilia za Shakespeare, ambaye alimpa Mamuwalde hadhi ya mwanamfalme wa Kiafrika anayemwendea Dracula kutafuta msaada wa kukomesha biashara ya watumwa. Blackenstein ilirithi mtindo wa jina tu.

Na bado wazo lake la msingi ni zito. Eddie Turner ni askari Mweusi aliyerudi kutoka Vietnam bila mikono wala miguu. Amelala hospitalini, mhudumu akimsimanga. Mchumba wake, Daktari Winifred Walker, anamwomba mwalimu wake wa zamani, Daktari Stein, amuunge viungo vipya. Hapa pana kisa kamili: mwili uliochukuliwa na vita vya taifa, na sayansi ya taifa lilo hilo ikijaribu kuushona upya. Mwandishi wa mswada, Frank R. Saletri, anakitupa kisa hicho na kuweka wivu mahali pake. Malcomb, msaidizi wa Stein, amekataliwa na Winifred, naye anaiharibu dawa ya Eddie. Chanzo cha uzimwi kinahamishwa kutoka vitani hadi kwenye mapenzi yaliyokataliwa.

Katika riwaya, kiumbe hujifunza lugha kwa kuisikiliza kwa siri familia ya De Lacey, husoma Milton, na katikati ya kitabu hushika usimulizi na kumshtaki muumba wake. Eddie haneni. Punde paji la uso linapovimba, anabaki na mguno na hatua nzito. (Hata zimwi la ngano zetu, kwa ulafi wake wote, huimba, hubembeleza na kuposa mabinti.) Anapomng'oa mkono yule mhudumu aliyemsimanga, mtazamaji anaona, kwa mara moja tu, kitendo chenye sababu. Baada ya hapo anauawa yeyote aliye karibu, na kamera inawapendelea wanawake waliovaa nguo za kulalia kwa sababu zisizohusiana na msuko.

Si haki kuulaumu ufukara wa fedha. Mitambo ya maabara ni ya Kenneth Strickfaden, ile iliyorusha cheche katika Frankenstein ya James Whale ya 1931, nayo ndiyo inayoigiza vyema kuliko wote. Isitoshe, mwaka uo huo wa 1973, Bill Gunn, aliyetarajiwa kuleta hadithi nyingine ya wanyonya damu, alitengeneza kwa fedha chache Ganja & Hess, filamu inayotafakari uraibu na imani, ikaonyeshwa katika Wiki ya Wahakiki huko Cannes.

Linaloumiza zaidi ni mwisho. Eddie anararuliwa na mbwa wa polisi wa Los Angeles. Miaka kumi tu ilikuwa imepita tangu Mei 1963, polisi wa Birmingham, Alabama, walipowaachilia mbwa waandamanaji Weusi, na picha zake zikaenea duniani kote. Mtazamaji Mweusi wa 1973 hakuhitaji kufafanuliwa taswira hiyo. Filamu yenyewe haionyeshi dalili yoyote ya kuitambua: mbwa wanafanya kazi yao, zimwi linaondoka, na hakuna anayekumbuka kwamba aliyelala pale alikwenda vitani.