Pumzi Mbili Kifuani Mwa Mmoja

Agosti 1952, katika hospitali ya Blegdam mjini Copenhagen, polio ilipooza vifua, na daktari Bjørn Ibsen akashauri wagonjwa wapuliziwe hewa kwa mkono, kupitia tundu lililotobolewa shingoni. Wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana zamu, usiku na mchana, wakiminya mifuko ya mpira. Mkono ule uliweza kuhisi: mgonjwa akianza kuvuta mwenyewe, mfuko hulegea, na mwanafunzi humfuata.

Mashine iliyorithi kazi hiyo haina kiganja. Hungoja dalili ya mvuto. Dalili ikiwa dhaifu, mgonjwa huvuta asijibiwe, na kiooni huonekana kijinundu tu katika mstari wa pumzi itokayo. Pengine mashine hukatiza mapema ilhali mwenyewe bado ana kiu ya hewa. Huvuta tena, na pumzi ya pili hupanda juu ya ya kwanza, mapafu yakavimba kupita kadiri. Mwaka 2006 Thille na wenzake waliwachunguza wagonjwa 62: takriban robo yao waligongana na mashine katika zaidi ya sehemu moja ya kumi ya pumzi zao.

Ajabu, kengele aghalabu hailii. Hapana budi muuguzi asimame, atazame kifua kisha kioo, kifua kisha kioo, mfano wa ahesabuye mizani akitafuta mshororo uliopungukiwa. Wapo waharakishao kuongeza dawa ya usingizi. Mgonjwa hutulia, naam. Lakini usingizi mzito hudhoofisha mvuto wake, na mashine ikazidi kutomsikia. Kumbe mara nyingi kilichotakiwa kilikuwa kupunguza msukumo kidogo.